Gari Linakula Oili, Linavuja, Linalia: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuchagua Sintetiki au ya Kawaida

Gari likianza kusumbua upande wa oili, hapa Tabora wengi hukimbilia kubadilisha kopo. Aliyekuwa akitumia oili ya kawaida anaambiwa apande kwenye sintetiki. Aliyekuwa kwenye sintetiki anaambiwa injini imechoka, ashuke kwenye oili nzito ya 20W-50. Mara nyingi ushauri huo unatolewa boneti ikiwa bado imefungwa. Mwongozo huu unaanza na dalili, unatafuta chanzo, ndipo unafika kwenye kopo. Nimemlenga mwenye IST, Probox, Noah, Harrier au Hiace ambaye siku za kazi anazunguka Kanyenye, Ipuli na Kiloleni, mwisho wa wiki yuko njia ya Urambo, Sikonge au Nzega, na msimu wa tumbaku anaingia vijijini ambako lami imeishia nyuma.

Ninachoamini nakisema mapema: kwa magari mengi ya huku, uzito sahihi (yaani wepesi au uzito wa oili inapotiririka, si wa mizani), oili halisi na kumwaga kwa wakati vinaokoa injini kuliko neno sintetiki kwenye kopo. Hata hivyo yapo magari ambayo oili ya kawaida inayaua polepole, na mwenye gari la namna hiyo akibana hela kwenye oili atailipa kwenye injini.

Pima kwanza, tena kwa usahihi

Gari liwe sehemu tambarare, injini iwe imepata moto kisha imezimwa kama dakika 5 ili oili irudi chini. Vuta kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, vuta tena. Soma pande zote mbili za kijiti. Zikitofautiana, amini ile iliyo chini. Ndugu zetu wa Kigoma wanaoegesha kwenye miinuko ya Mwanga wawe waangalifu zaidi hapa, maana gari likiinama kidogo tu kijiti kinadanganya.

Kwenye magari mengi madogo, kati ya alama ya chini na ya juu kuna kama lita 1. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST na Probox, huchukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta. Ikipungua lita 1 tu, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda. Na fundi anayekumiminia kopo zima la lita 4 "lisibaki" amezidisha. Oili ikizidi, krenki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Andika kilomita kila unapoongeza. Bila kilomita huwezi kujua kama gari linakula oili au wewe ndiye uliyekaa muda mrefu bila kupima. Kwa kulinganisha, Toyota Marekani ilipokuwa inachunguza malalamiko ya injini zake za cc 2400 aina ya 2AZ-FE mwaka 2011, kipimo chake cha kusema gari linakula kupita kiasi kilikuwa kwati 1 kwa maili 1,200, yaani karibu lita 1 kwa kilomita 2,000. Ukiongeza nusu lita kati ya kumwaga oili mara moja na nyingine, usipoteze usingizi.

Kilichomo ndani ya makopo mawili

Kila oili ya injini ni oili ya msingi iliyochanganywa na dawa: za kusafisha, za kulinda chuma kisilike, za kuzuia povu na kutu. Tofauti ya sintetiki na ya kawaida iko kwenye ile oili ya msingi. Ya kawaida ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, na molekuli zake hazilingani, kubwa kwa ndogo. API, taasisi ya petroli ya Marekani, huiweka kwenye Kundi la I na la II. Sintetiki iko kwenye Kundi la III, ambalo nalo ni mafuta ghafi lakini yamevunjwa na kujengwa upya kwa hidrojeni chini ya joto na presha kubwa, au Kundi la IV, yaani polialfaolefini, inayotengenezwa kiwandani tangu mwanzo. Mobil iliwahi kulalamika kwenye chombo cha kusimamia matangazo huko Marekani kwamba Castrol inaita Kundi la III sintetiki. Mwaka 1999 Mobil ilishindwa, na tangu hapo makopo mengi yenye neno hilo yana Kundi la III ndani. Si oili mbaya. Ila ujue kwamba makopo mawili yenye neno moja hayalazimiki kuwa na kitu kimoja.

Sintetiki ina sifa tatu za kweli. Uzito wake haubadiliki sana joto likipanda na kushuka, haipotei kwa mvuke haraka, na inachelewa kuungua na kugeuka tope. Sifa inayotangazwa kuliko zote, ya kuwasha gari kwenye baridi kali, huku haituhusu sana. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Tabora, usiku wa Julai, tunashuka hadi karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Kwetu namba ya mbele, ile yenye W, ina kazi moja: inaonyesha oili itafika upesi kiasi gani juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, sekunde za kwanza baada ya kuwasha.

Namba ya nyuma ndiyo uzito injini ikiwa moto. Kwenye nyuzi 100, oili ya 30 lazima iwe kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo 5W-30 ya sintetiki na 5W-30 ya kawaida zikiwa moto zote ziko kwenye uzito uleule. Ile kauli kwamba "sintetiki ni nyepesi mno kwa injini zetu" inachanganya mambo mawili. Unachokiona kuwa chepesi ni ile 0W-20 iliyomo kwenye kopo hilo, na hiyo ni namba, si aina.

Taa nyekundu ya oili inawaka

Zima injini hapohapo ulipo. Usiseme ufike kwanza mjini, hata kama umebakiza kilomita moja. Beringi za krenki zisipopata oili hulika kwa muda mfupi sana, na injini ikishanoki hakuna oili itakayoirudisha.

Pima. Kama oili iko chini ya alama, ongeza yoyote halali unayoipata, iwe sintetiki au ya kawaida. Zinachanganyika bila kuganda wala kuharibu kitu. Utapoteza tu sehemu ya ubora wa ile ya bei kubwa. Angalia kama taa imezimika, kisha tafuta oili ilikokwenda.

Kama oili imejaa na taa bado inawaka, mwambie fundi afungue sensa ya presha na afunge geji mahali pake. Presha ikiwa nzuri, sensa ndiyo mbovu, na hiyo ni spea ya bei ndogo. Presha ikiwa chini, mshukiwa wa kwanza kwa magari ya huku ni kichujio cha wavu kilichoko ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nimesimama kwenye gereji ya chini ya mwembe sampu ikishushwa: chini kabisa tope jeusi unene wa kidole, wavu umezibwa zaidi ya nusu, na sehemu iliyobaki wazi imeng'aa kwa sababu oili yote ya injini ilikuwa ikipita pale padogo. Gari lilikuwa likiwekewa oili mpya kila mara, lakini filta ilibadilishwa siku moja moja, na oili ilimwagwa ikiwa ya baridi. Oili ya baridi haitoki na uchafu wake.

Taa ikiwaka tu wakati injini ni moto na hujakanyaga mafuta, kisha ikazimika ukikanyaga, presha imeanza kushuka. Ama oili imechanganyika na petroli, ama pampu au beringi zimelika. Kupandisha uzito kutazima taa kwa muda na kukupa nafasi ya kutafuta hela ya matengenezo. Usichukulie kuwa ndiyo matengenezo.

Oili inapungua, chini hakuna hata tone

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Mwombe mtu asimame nyuma ya gari asubuhi kabla halijawashwa. Likitoa moshi wa bluu kwa muda mfupi kisha ukaisha, sili za vali zimekauka. Oili imechuruzika usiku na kuingia kwenye silinda. Dalili hiyohiyo hujitokeza ukiwa njiani: achia mafuta kwa muda gari likiwa kwenye gia, kisha kanyaga, na dereva wa nyuma yako anafunikwa na moshi. Moshi wa bluu usiokoma kila unapokanyaga, hasa ukiwa umepakia, ni ringi za pistoni. Moshi mweusi ni petroli au dizeli nyingi kupita hewa, hauhusiani na oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto ni maji, na habari yake iko mbele.

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Iliyolowa oili inakuonyesha silinda yenye shida. Kisha fundi apime kompresheni. Ikiwa chini, amimine kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda hiyo na apime tena. Ikipanda, ringi zimelika, maana oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, shida iko kwenye vali au gasketi ya hedi. Kipimo hiki ni cha dakika chache na kinakuepusha kufungua injini bure. Fundi asiye na geji ya kompresheni asikuambie injini imechoka.

Kabla hujafika huko kote, angalia vali ya kupumulia injini, ile ndogo iliyochomekwa kwenye kava ya vali na kuunganishwa na hozi ya hewa. Ikiganda, hewa chafu ya ndani inabeba oili na kuisukuma kwenye silinda. Kwenye Toyota nyingi za zamani, itoe na uitikise. Isipogonga gonga ndani, badilisha. Nimeona Noah iliyotakiwa kufunguliwa injini ikaacha kula oili kwa kubadilishwa kifaa hicho tu.

Sasa vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, ukiacha lami kuelekea vijijini Uyui au Kaliua unaendesha ndani ya wingu. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha ringi, na zikipita filta ya hewa zinasaga ringi na kuta za silinda. Fungua bomba la hewa baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi, filta haikai vizuri kwenye boksi lake, imechanika, au ni ya kuigiza yenye karatasi nyepesi. Wengi huchukua filta kwenye kompresa ya pancha na kuipuliza kwa presha yote. Karatasi inapata matundu usiyoyaona kwa macho, na injini inameza mchanga huku filta ikionekana safi. Ukilazimika kupuliza, tumia hewa kidogo, kutoka upande wa ndani kwenda nje. Hakuna sintetiki ya bei yoyote inayoweza kulinda silinda inayomeza mchanga, na kwa Tabora hili ndilo kosa linaloua injini nyingi nilizoziona zikifunguliwa.

Ipo pia hali ambapo oili yenyewe ndiyo chanzo. Oili hupotea kwa mvuke. Kipimo kinachotumika ni kuichemsha kwenye nyuzi 250 kwa saa moja na kuona imepoteza kiasi gani. Kwa oili za petroli za daraja la kisasa mwisho ni asilimia 15. Oili duni huzidi hapo. Gari linalokimbia kwenda Nzega mchana wa Oktoba likiwa limejaa watu litaonyesha tofauti hiyo kwenye kijiti.

Baada ya kujua chanzo, uamuzi wa kopo unakuwa mwepesi. Sili za vali: badilisha sili, oili haihusiki. Ringi zilizoganda kwa uchafu lakini hazijalika: sintetiki yenye dawa nzuri za kusafisha, ikimwagwa mapema, inaweza kuzilegeza kidogo kidogo, bila ahadi. Ringi zilizolika: usichome sintetiki ya bei kubwa. Panda hatua moja ya uzito, tuseme kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 ya kawaida au nusu sintetiki, huku ukijipanga kufungua injini. Kwa wenye 2AZ-FE, iliyomo kwenye Harrier ya cc 2400, Alphard na Estima, injini hiyo ina historia ya ringi kuziba, na kule Marekani Toyota ililazimika kubadilisha pistoni na ringi za magari mengi. Ukinunua gari lenye injini hiyo, anza kuandika kilomita na oili tangu wiki ya kwanza.

Zile dawa za vikopo vidogo za "kuzuia moshi" nyingi ni viongeza uzito. Zinafunika dalili kwa muda unaotosha kuuza gari, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa macho ukinunua gari la mkononi ambalo oili yake kwenye kijiti inavutika na kunata.

Umeweka sintetiki, wiki mbili baadaye linavuja

Sintetiki za mwanzo kabisa zilikuwa zinakausha mipira ya sili, na sifa hiyo mbaya imebaki midomoni hadi leo. Za sasa zimerekebishwa. Kinachotokea kwa gari la zamani ni kwamba sili au gasketi ilikuwa imeshachoka, ila ufa wake ulizibwa na tope. Oili mpya imesafisha tope, ufa umebaki wazi. Hata oili nzuri ya kawaida ingeweza kufanya hivyo.

Osha injini kwa sabuni, ikauke, endesha siku mbili tatu kwenye vumbi. Penye oili vumbi litanata na kukuchorea njia. Fuata hadi juu kabisa panapoanzia, kwa sababu oili hushuka na upepo huirusha nyuma, na tone la chini ya giaboksi linaweza kuwa limetoka kwenye kava ya vali. Anza na vitu rahisi: washa (pete) ya nati ya kumwagia oili, filta, gasketi ya kava ya vali. Filta ikivuja mara tu baada ya sevisi, ifungue uone kama mpira wa filta ya zamani ulibaki umenata kwenye injini na mpya ukafungwa juu yake. Hilo lisipoonekana mapema linamwaga oili yote barabarani. Sili ya mbele ya krenki ni kazi ya nusu siku. Ya nyuma inataka giaboksi ishuke, kwa hiyo hakikisha kabla ya kukubali.

Kurudi kwenye oili nzito kutapunguza tone. Kama hela ya sili haipo mwezi huu, fanya hivyo kwa amani, ila pima kila wiki.

Asubuhi injini inalia kwa sekunde chache

Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi:

"Dada, injini imechoka hii. Tuiwekee namba 40, itanyamaza."

"Kaka fundi, imechoka kwa kipimo gani? Moshi haitoi."

Dada ana haki. Mlio wa sekunde mbili tatu asubuhi unaoisha wenyewe mara nyingi ni oili iliyochelewa kufika juu, na namba 40 itaichelewesha zaidi. Oili ya namba moja tu, isiyo na W, ikiwa moto ina uzito wa 15W-40, lakini ikiwa baridi ni nzito kuliko hiyo. Mshukiwa wa kwanza ni filta ya bei rahisi isiyo na mpira wa kuzuia oili kurudi kwenye sampu usiku. Badilisha filta, uweke oili ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji, usikilize tena.

Mlio usioisha ni habari nyingine. Cheni ya taiming iliyolegea inakwaruza upande wa mbele wa injini. Tapeti hugonga kwa haraka upande wa juu. Mlio mzito wa kugonga upande wa chini unaoongezeka ukikanyaga ni beringi za koni-rodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Gari hilo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.

Injini za Toyota zenye VVT-i hutumia presha ya oili kusogeza kamshafti, na njia zake ni nyembamba, nyingine zina kiwavu kidogo ndani ya hedi. Gari likikosa nguvu, likitetemeka na mashine ya kusoma hitilafu ikatoa namba P1349 au P0011, safisha kiwavu hicho na vali yake kabla ya kununua chochote. Hapa tope na oili nzito kupita kiasi ni maadui wa moja kwa moja.

Rangi na kiwango visivyoeleweka

Nyeusi mapema: kwa dizeli ni kawaida, masizi hayakwepeki. Kwa petroli iliyotoka tu kubadilishiwa oili, maana yake oili inasafisha. Iache ifanye kazi, ila umwage mapema safari hiyo.

Imekuwa maziwa: maji ya radieta yameingia. Kama ni ute mweupe chini ya mfuniko tu na kijiti ni kisafi, huenda ni mvuke wa safari fupi fupi za nyumbani hadi sokoni ambazo haziipi injini moto wa kutosha. Nenda safari moja ndefu uangalie tena. Kama kijiti nacho ni cha maziwa na radieta inapungua, ni gasketi ya hedi au hedi iliyopinda. Usiendeshe, na usipoteze oili mpya kabla ya kutengeneza.

Kiwango kinapanda badala ya kushuka: petroli au dizeli inaingia kwenye oili. Nusa kijiti. Noziri inayovuja ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Gari zito na mafuta yanakwenda kuliko zamani baada ya sevisi: angalia kama uliwekewa 20W-50 kwenye injini ya 5W-30.

Kopo lenyewe likitia shaka

Dalili nyingi nilizotaja hutokea kwa oili ambayo si ile iliyoandikwa nje. Nunua kwenye duka lenye risiti na linalokubali kurudishiwa. Angalia nembo ya TBS, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo, na pete ya mfuniko isiyoguswa. Kopo tupu ukishalimaliza, litoboe kwa msumari, kwa sababu makopo mazima ndiyo yanayonunuliwa na kujazwa upya. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa inaweza kuwa halali, lakini wewe huna njia ya kujua.

Soma daraja la API. Herufi S ni petroli, C ni dizeli. SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, wala SG kwa zile za baada ya 1993. Bado zinauzwa, na IST zilianza kutengenezwa 2002. Kwa gari la petroli la miaka hiyo chukua SL, SM, SN au SP. SN ilitoka 2010 na SP 2020, na mpya inafaa kwenye injini ya zamani. Ya kawaida yenye SN naiamini kuliko inayojiita sintetiki bila daraja lolote.

Ukitaka kupima iliyomo kwenye injini, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uiache usiku kucha. Katikati peusi penye ukingo mkali ni masizi na uchafu uliozidi. Duara pana jepesi la nje ni dalili ya petroli au dizeli. Tone jingine lidondoshe juu ya bati la moto: likilia na kurukaruka, lina maji.

Nani alipie sintetiki

Injini yenye tabo, bila mjadala. Oili inapita kwenye shafti inayozunguka kwa kasi kubwa karibu na moto wa bomba, na ya kawaida huungua pale na kuacha mkaa. Magari ya haibridi na yale yaliyoandikwa 0W-20 kwenye mfuniko, nayo yaende sintetiki, kwani 0W haipatikani kwenye oili ya kawaida. Injini za petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kama 1AZ-FSE ya baadhi ya Noah, ninazishauri hivyo pia. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani usihangaike. Angalia mfuniko wa oili na kile kibandiko ambacho gereji za Japani huacha mlangoni au chini ya boneti. Namba zinasomeka kwa lugha yoyote.

Kwa IST, Probox au Hiace ya dizeli isiyo na tabo, oili nzuri ya kawaida inatosha: 5W-30 au 10W-30 kwa petroli, 15W-40 yenye CH-4 au CI-4 kwa dizeli. Sintetiki kwa kawaida ni mara mbili ya bei au zaidi, na hesabu yake husimama kwa kukaa muda mrefu. Lakini vumbi halijali oili ya msingi ni ya kundi gani. Likishaingia, oili yote inatakiwa kutoka. Kwa hiyo anayeshinda vijijini hapati ule muda mrefu aliolipia. Mimi nashauri kilomita 5,000 kwa ya kawaida mjini na 3,000 hadi 4,000 msimu wa vumbi. Sintetiki 7,000 kwa anayeishi kwenye lami na 5,000 kwa wa vijijini. Kilomita zisipofika, miezi 6 inatosha.

Wa bodaboda, usiweke oili ya gari. Klachi yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na dawa za kupunguza msuguano zitaifanya iteleze. Tafuta kopo lenye JASO MA.

Ukiamua kuhama

Usikubali injini ioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa. Sehemu yake hubaki ndani na kuifanya oili mpya iwe nyepesi, na tope linalong'oka kwa mkupuo linakwenda kuziba ule wavu wa sampu. Mwaga oili ikiwa moto, acha nati wazi mpaka tone liishe, badilisha filta, weka oili ya uzito uleule uliokuwa ukitumia. Safari ya kwanza imwage baada ya kilomita 2,000 hadi 2,500 pamoja na filta, hata kama inakuuma, kwa sababu ndiyo iliyobeba uchafu wa miaka. Kwa injini ambayo ukifungua mfuniko wa oili unaona tope limeganda kwenye kamshafti, fanya hivyo kwa oili ya kawaida kwanza, mara mbili au tatu mfululizo, ndipo ununue sintetiki. Na katika kilomita 1,000 za mwanzo, pima kijiti kila unapojaza tanki.